Mkanda, strepu, glavu, soksi za magoti: kwa sisi wa mazoezi ya kawaida vinasaidia au vinatudumaza?

tizi_asubuhi aliandika:

Habari zenu wakuu. Naomba tujadili hili jambo manake limenikaa kichwani wiki nzima na kila ninayemuuliza jimu ananipa jibu lake.

Mi ni mtu wa kawaida, miaka 38, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima, nanyanyua vyuma mara 3 kwa wiki na sina mpango wa kushindana popote. Ninachotaka ni mwili uwe na nguvu, mgongo usiniume, niweze kumbeba mtoto aliyelala bila kumwamsha, kuhamisha kabati, kupanda ngazi na mzigo bila kuhema. Nilianza kama mwaka na miezi miwili iliyopita mikono mitupu kabisa. Af nikawa naona wenzangu wanakuja na mabegi yamejaa vifaa, nami nikaanza kununua kimoja kimoja, kwanza glavu, af mkanda wa kiunoni, af strepu (zile kamba unazozungusha kwenye kifundo cha mkono af unazifunga kwenye chuma), af soksi za magoti, mwisho viatu vya kisigino kigumu. Sa hivi kabla sijaanza skwati (kuchuchumaa na chuma begani af kusimama) natumia karibu dakika kumi kuvaa tu.

Sasa Jumamosi iliyopita nikasahau begi nyumbani. Nikasema haina shida ntafanya hivyohivyo. Dedilifti (kuvuta chuma toka sakafuni mpaka usimame wima) huwa navuta kilo 120 mara 5 nikiwa na mkanda na strepu. Siku hiyo kilo 80 nimevuta mara 4 vidole vikafunguka chuma kikaenda chini. Yani mgongo bado una nguvu, miguu bado, ila kiganja hakipo. Skwati nayo kilo 70, uzito ambao mi huwa napashia misuli tu, nikashuka nikahisi tumbo halijui lifanye nini, nikaogopa nikarudisha chuma kwenye stendi. Na kama haitoshi siku mbili baadae nimeenda kumsaidia ndugu yangu kuhama, masanduku na magodoro, mara tatu nimeweka sanduku chini kupumzisha vidole, na yeye ambae hajawahi kushika chuma hata siku moja anaendelea na safari.

Kwaiyo swali langu ni hili. Hivi vifaa kwa mtu asiyeshindana vinamjenga au vinamfanyia kazi ambayo ilitakiwa ifanywe na mwili wake? Na kama ni kuacha, naacha vyote mara moja au naacha kipi kwanza? Wenye uzoefu tafadhali.

---

ChumaMkononi aliandika:

Mkuu umejijibu mwenyewe kwenye hilo sanduku. Tupa vyote.

Maisha hayana mkanda. Mtoto akilia usiku huendi kutafuta strepu kwanza. Mi nimenyanyua miaka 9 sasa na miaka 6 ya mwisho sijavaa kitu, na nakwambia kwa moyo wote mtu wa kawaida anatakiwa ajue uzito ambao MWILI WAKE unaweza, sio uzito ambao mwili wake na begi lake vinaweza. Ile 120 yako sio yako ndugu yangu, ya kwako ni 80. Anza hapo. Mwezi wa kwanza utaumia roho, mwezi wa tatu utashangaa.

Watu hawapendi kusikia hili kwasababu kushusha uzito mbele za watu kunauma. Lakini kiganja ndo mlango wa kila mzigo unaobeba duniani, mgongo hata uwe kama wa ng'ombe, kama kiganja kinafunguka hakuna kinachoinuka.

---

kocha_wa_zamu aliandika:

Nakubaliana na ChumaMkononi kwa nusu, ile nusu nyingine naomba nieleze taratibu kwasababu naona watu wengi wanaviweka hivi vifaa kapu moja wakati kila kimoja kinafanya kazi yake tofauti kabisa, na ukijua kinafanya nini hutahitaji mtu akwambie utupe au ubaki nacho.

Tuanze na mkanda manake huu ndo unaoeleweka vibaya kuliko vyote. Watu wanadhani mkanda unashika mgongo, kama vile bandeji inavyoshika mguu ulioteguka. Hapana. Ukinyanyua kitu kizito unavuta pumzi hadi chini tumboni, unafunga koo, af unakaza misuli ya tumbo pande zote, mbele, ubavuni na nyuma. Presha inapanda ndani ya tumbo na hiyo presha ndo inaufanya uti wa mgongo usimame imara kama mpira uliojaa upepo. Mkanda kazi yake ni kuipa misuli ya tumbo ukuta wa kusukumia ili hiyo presha ipande zaidi. Mwenye kusukuma bado ni wewe! Kwaiyo mtu ambae hajajifunza kukaza tumbo akivaa mkanda anakua amefunga ngozi kiunoni basi. Na wengi wanaubana mpaka hawawezi kuvuta pumzi, hapo ndo umeharibu kabisa, mkanda unatakiwa vidole viwili vipite kabla hujavuta pumzi.

Wewe ulivyosema "tumbo halijui lifanye nini" umenigusa sana manake hiyo ndo dalili yenyewe. Mkanda haukukuua nguvu, ulikuwahi kabla hujajifunza. Ulikua unasubiri kuhisi ngozi ya mkanda ndo ukaze, siku hakuna mkanda hakuna cha kukukumbusha.

Fanya hivi. Lala chali, magoti juu, weka mikono yako ubavuni chini ya mbavu, dole gumba nyuma vidole mbele. Vuta pumzi mpaka mikono yote isukumwe nje, sio kifua kupanda. Shikilia hapo huku unakaza kama mtu anataka kukupiga ngumi ya tumbo. Ukiweza ukiwa umelala fanya umesimama, af fanya na chuma kitupu begani, kilo 20. Wiki mbili tu. Hata kila siku, dakika tano zinatosha.

Jambo lingine watu hawalijui, hivi vifaa vilitoka kwenye michezo na kila mchezo una sheria zake. Kwenye pawalifti (mchezo wa kushindana skwati, kusukuma chuma umelala na dedilifti) ya shirikisho la kimataifa la IPF mkanda hauzidi upana wa sentimita 10 na unene wa milimita 13. Kwenye unyanyuaji wa Olimpiki mkanda unaruhusiwa mpaka sentimita 12. Strepu ndo kabisa, haziruhusiwi huku wala kule, mashindanoni unashika chuma kwa mkono wako mwenyewe. Zinaruhusiwa kwenye yale mashindano ya watu wenye nguvu kupindukia, Eddie Hall alivyovuta kilo 500 mwaka 2016 alikua na strepu, na Hafþór Björnsson alivyovuta 501 mwaka 2020 pia. Naleta hii mifano kwasababu wale wana sababu. Kwao kilo moja ya ziada ni rekodi. Kwako kilo moja ya ziada ni nini? Ukiweza kujibu hilo ndo utajua unahitaji kipi.

Mi wanafunzi wangu nawaambia mkanda unakuja ukishafika uzito ambao hauwezi kurudia zaidi ya mara 5 au 6, yani kama asilimia 85 ya uwezo wako na kupanda, na hapo pia ni seti (mizunguko ya marudio) moja au mbili za mwisho. Kupashia misuli na mkanda kiunoni, au unafanya zoezi la mikono umekaa na mkanda umeubana, hiyo haina kazi yoyote.

---

tizi_asubuhi aliandika:

Kocha shukrani sana, nimelala sakafuni sa hivi hivi nimejaribu na kweli pumzi yangu inaishia kifuani, ubavuni mikono haisogei kabisa. Sikujua.

Ila kinachonisumbua ni hiki, nikiacha strepu nikarudi 80 si mgongo na mapaja vitapoteza? Manake vimezoea 120. Naona kama natupa kazi ya mwaka mzima kwa ajili ya vidole.

---

DadaDambeli aliandika:

Kaka tizi_asubuhi hapo hapo kwenye swali lako la pili ndo nilipokua nangoja nafasi, na ChumaMkononi naomba usinikasirikie.

Mi mikono yangu ni midogo, vidole vifupi. Kile chuma kirefu cha kawaida unene wake ni milimita 28 hivi, kile rasmi cha wanawake ni 25 na kina kilo 15, ila jimu nyingi hicho cha wanawake hakipo kabisa. Milimita 3 zinaonekana ndogo mpaka uwe na mkono kama wangu, dole gumba haliwezi kukutana na vidole vingine vizuri. Miaka miwili nilifuata huo ushauri wa "kama kiganja hakiwezi usinyanyue" na matokeo yake nini, miguu na mgongo vilikaa palepale miaka miwili vinasubiri vidole. Vidole ni misuli midogo inakua polepole, mgongo ni misuli mikubwa. Kwanini mkubwa alale njaa kwasababu mdogo hajashiba?

Kwaiyo mi nafanya hivi, na nafanya hivi mwaka wa tatu sasa: seti zote za kupandia uzito nashika kwa mkono mtupu na chaki, mpaka pale mkono unapogoma. Mkono ukigoma, hapo hapo navaa strepu namalizia seti mbili za kazi, zile nzito. Hivyo kiganja kimepata kazi yake yote na mgongo umepata yake. Mkono ulikua unagoma kilo 60, sa hivi unagoma 95. Sijatupa strepu na kiganja kimekua.

Kitu ambacho mi naona ni adui hapo kwenye begi lako ni GLAVU. Hakuna anaezisema kwasababu zinaonekana hazina madhara. Glavu inaongeza unene kati ya mkono na chuma, chuma kinakua kinene zaidi, unashika vibaya zaidi, af kitambaa kinateleza kwa ndani kinavuta ngozi. Umenunua kitu cha kukusaidia kushika na kinakuzuia kushika. Badala yake tumia chaki, ile magnesiamu kaboneti, inakausha jasho tu, haiongezi chochote, mkono ni wako. Jimu ikikataza ya unga kwasababu ya uchafu iko ya maji maji. Na sugu za mkononi ukitoka kuoga zisugue kidogo na jiwe, zikiwa bapa hazichaniki.

Af jamani ile staili ya mkono mmoja unatazama mbele mwingine nyuma, ukiitumia hakikisha ule mkono wa kiganja mbele umenyooka kabisa kwenye kiwiko. Watu wamechanika msuli wa mbele ya mkono kwa kuvuta huku wameukunja. Kwa mtu ambae hashindani mi naona bora strepu kuliko hiyo.

---

ChumaMkononi aliandika:

Dada sijakasirika hata kidogo. Hiyo ya kumaliza mkono mtupu kwanza ndo unavaa nimeielewa na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mtu anaevaa kuanzia chuma kitupu. Na hao ndo wengi.

---

fizio_mtulivu aliandika:

Habari za jioni wadau. Mimi kazi yangu ni tiba ya viungo na nimeona niongeze mambo ambayo hayajaguswa, samahani itakua ndefu.

Kuhusu kiganja, ChumaMkononi amesema kwa hisia lakini kuna ushahidi nyuma yake. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha utafiti mkubwa wa watu karibu 140,000 kutoka nchi 17, walipimwa nguvu ya kukaza kiganja kwa kifaa maalum wakafuatiliwa kwa miaka kadhaa. Kila nguvu ya kiganja iliposhuka kwa kilo 5, uwezekano wa kufariki kwa sababu yoyote ulikua juu kwa asilimia 16. Sasa tusiisome vibaya. Haimaanishi ukikamua mpira kila siku utaishi miaka mingi. Kiganja ni kama kipimo cha mafuta kwenye gari, kinaonyesha mwili mzima ukoje. Lakini kwa mtu anaetaka nguvu ya maisha ya kila siku, kukificha hicho kipimo kila zoezi, kwa mwaka mzima, si jambo zuri.

Kuhusu mkanda na mgongo. Mwaka 1994 taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilipitia tafiti zilizokuwepo za mikanda ya mgongo kwa wafanyakazi wanaobeba mizigo, ikasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mkanda unamkinga mtu mzima asiumie. Mikanda ile ni ya kitambaa cha kunyumbuka, sio ya ngozi nene ya jimu, kwaiyo si sawa kwa sawa. Ila wasiwasi wao mmoja ninauona kwa wagonjwa wangu kila mara: mtu akivaa mkanda anajiona salama, anabeba zaidi ya alichokua anabeba. Mkanda haukumuumiza. Ujasiri wake umemuumiza.

Na hapa naomba wenye presha ya kupanda mnisikilize vizuri. Kule kufunga koo na kukaza tumbo alikoeleza kocha kunapandisha presha ya damu sana kwa zile sekunde chache. Kuna vipimo vya mwaka 1985 vilivyofanywa kwa wanyanyuaji vijana wenye afya njema, sindano ikiwa ndani ya mshipa kabisa, na kwenye zoezi la kusukuma uzito kwa miguu presha ya juu ilipita 300. Kijana mzima mishipa yake inavumilia. Mtu ambae presha yake haijadhibitiwa, mwenye ngiri, mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji wa jicho au tumbo karibuni, huyo asianze na mkanda na uzito mkubwa kabla hajaongea na daktari wake. Atumie uzito wa kati, atoe pumzi wakati anasukuma, marudio yaongezeke.

Magoti. Kuna soksi na kuna bandeji, watu wanachanganya. Soksi ni ile ya neopreni unaivuta kama soksi ya kawaida, mara nyingi ni milimita 5 au 7, inatunza joto na inakufanya ulihisi goti lako liko wapi, msaada wake wa kunyanyua ni mdogo. Mtu goti limezoea kukakamaa asubuhi anaweza kuvaa na sina tatizo. Bandeji ni ile ndefu, ya mashindano inafika mita 2, unaizungusha kwa kubana. Ile ukishuka inajikunja kama springi na ukipanda inakurusha. Uzito unaongezeka kwasababu bandeji inanyanyua na wewe, na goti linabanwa vibaya kwa mbele. Kwa mazoezi ya kawaida sioni kazi yake kabisa. Na kama goti haliwezi skwati bila kitu cha kubana, basi goti linasema jambo, lisikilizwe, punguza uzito, angalia nyonga na kifundo cha mguu.

Lakini naomba pia tusije tukawa wakali kupita kiasi. Nina wagonjwa wazee wenye baridi yabisi ya vidole, hawawezi kukunja ngumi. Nina kijana aliyepoteza vidole viwili kwenye mashine. Kwa hawa strepu ni daraja. Bila strepu wasingeweza kuvuta kitu chochote, miguu na mgongo vingeisha kwa sababu ya mkono. Mama mmoja wa miaka 67 nilimfungia strepu kwenye dambeli mbili za kilo 8, alitoka machozi kwa kuweza kusimama nazo. Ukimwambia huyo "tupa, maisha hayana strepu" utakua umemfungia mlango.

---

ChumaMkononi aliandika:

Kwa huyo mama narudisha maneno yangu, kweli kabisa. Sikuwafikiria na nilitakiwa niwafikirie.

Ngoja niseme kwanini huwa napandisha sauti kwenye hii mada. Mwaka wangu wa tatu nilinunua mkanda mzuri, ule mnene wa chuma cha kubana. Ndani ya miezi miwili skwati yangu ilipanda kilo 30. Nilifurahi mno. Hakuna aliyeniambia kwamba misuli haiwezi kukua kwa kasi hiyo, nilichokua nimeongeza ni presha na ujasiri. Siku moja nikashuka na uzito ambao nilijua kabisa ni mwingi, nikasema moyoni "mkanda upo", nikasikia chini ya mgongo kama kamba imekatika. Miezi mitano. Sikuweza kufunga kamba za viatu, mke wangu ndo alikua ananivalisha soksi. Mtoto wangu wa kwanza alikua na miezi minne na sikuweza kumnyanyua kutoka kitandani, nilikua naletewa nikiwa nimekaa. Ile miezi haitarudi.

Ndo maana nikimuona kijana wa miezi mitatu jimu na mkanda unaning'inia natamani nimsimamishe. Kwaiyo kwa mgonjwa sawa, kwa mshindani sawa, kwa DadaDambeli anaejua anachofanya sawa. Kwa mtu wa mwaka wa kwanza asiyejua hata kuvuta pumzi, hapana, na hapo sihami.

---

kocha_wa_zamu aliandika:

Pole sana ndugu. Na kwa mtu wa mwaka wa kwanza niko na wewe.

tizi_asubuhi, kuhusu hofu yako ya kupoteza, misuli iliyojengwa na 120 haiyeyuki kwa wiki sita za uzito mdogo, haswa ukiongeza marudio. Vuta 80 mara 8, shuka polepole sekunde tatu. Utahisi mgongo unafanya kazi ambayo 120 ya kuruka ruka haikuwahi kuufanyisha. Af mwisho wa zoezi ning'inia kwenye chuma cha kujivutia, sekunde 20, kila wiki ongeza 5. Na siku nyingine shika dambeli nzito kila mkono tembea nazo mita 30 au 40. Hilo la kutembea na mzigo ndo sanduku lako lenyewe.

---

mgeni_wa_vyuma aliandika:

Samahani naingilia, mi ndo naanza mwezi huu, kwaiyo ninunue nini??

---

DadaDambeli aliandika:

Karibu sana. Kwa sasa chaki, na kiatu bapa kisicho na soli laini. Kile kiatu cha kukimbilia chenye spanji nene kinabonyea ukiwa na uzito na mguu unayumba. Kama huna kingine na jimu wanaruhusu, dedilifti unaweza kuvuta na soksi tu. Mengine usubiri hata mwaka.

---

tizi_asubuhi aliandika:

Wakuu nimerudi. Zimepita wiki 7 na nimeona si vizuri mtu anaomba ushauri af anapotea.

Glavu nimeacha siku ileile. Wiki mbili za kwanza viganja viliwaka moto hadi kushika usukani ilikua shida, af ngozi ikazoea. Strepu nilifanya kama dada alivyosema, mkono mtupu kwanza mpaka ugome. Ulikua unagoma 80, jana nimevuta 100 mara 5 kwa mkono mtupu na chaki, strepu nikavaa kwenye 115 tu seti mbili. Kuning'inia nilianza sekunde 14 (sikufika hata hizo 20 za kocha), sa hivi 45.

Skwati ndo iliniuma. Nilirudi kilo 50. Nimekaa 50 wiki mbili nzima najifunza kuvuta pumzi, na kuna siku nilitaka kuacha kwasababu vijana wa pembeni wanaweka uzito wangu wa zamani wananiangalia. Af kuna siku tu nikashuka tumbo likakaza lenyewe, sikulikumbusha. Sijui nieleze vipi, ni kama kujua kuogelea. Juzi nimefika 85 mara 5 bila mkanda. Mkanda uko kwenye begi, nimeamua sitaugusa mpaka nifike uzito niliokua naunyanyua nao.

Na ukweli ni kwamba juzi usiku nimembeba mtoto toka kwenye gari hadi ghorofa ya tatu, amelala, na mkono mwingine begi lake, na nilivyofika juu ndo nikakumbuka kwamba sijabadilisha mkono njiani.

Kilichobaki ni viatu vya kisigino. Nikivaa nashuka vizuri skwati mpaka chini, nikivaa bapa visigino vinanyanyuka. Fizio hii nayo ni kudanganya mwili?

---

fizio_mtulivu aliandika:

Hongera sana, na ahsante kwa kurudi.

Kisigino cha vile viatu kina kama milimita 20, kinampa nafasi mtu ambae kifundo cha mguu hakikunji vizuri kwenda mbele. Sio kudanganya, ila ni vizuri ujue kama ni kifundo au ni mapaja yako marefu tu, manake wenye mapaja marefu wanahitaji kifundo kikunjike zaidi na hao wabaki navyo wasione aibu. Jipime hivi: piga goti mbele ya ukuta, mguu mmoja mbele bila kiatu, kisigino chini, sogeza goti liguse ukuta. Kisha rudisha mguu nyuma kidogo kidogo mpaka mwisho ambao goti bado linagusa na kisigino hakinyanyuki. Pima toka kidole gumba hadi ukutani. Kwenye sentimita 10 hivi uko vizuri.

---

tizi_asubuhi aliandika:

Nimepima mara tatu kwa rula. Kulia 9 na nusu. Kushoto 5.

---

fizio_mtulivu aliandika:

Kushoto uliwahi kuteguka?

---

tizi_asubuhi aliandika:

Ndio, nikiwa shule, mpira. Sikuwahi kutibiwa, kilivimba kikapona chenyewe.

---

fizio_mtulivu aliandika:

Basi viatu baki navyo kwenye seti nzito kwa sasa, za kupashia fanya bapa. Na hicho kipimo cha ukutani kigeuze kiwe zoezi, mguu wa kushoto, mara 15 asubuhi na 15 jioni, taratibu, goti lielekee kidole cha pili na lisiingie ndani. Ukisikia mchomo mbele ya kifundo, kama kitu kimebanwa, acha unitumie ujumbe. Ukisikia mvuto nyuma kwenye kigimbi, endelea. Pima tena baada ya wiki 4 uniandikie hapa namba.